Ruta ya nyumbani inayosumbua: soma dalili kabla hujaizima

Ruta ikianza kusumbua, mkono wa kwanza huenda kwenye swichi. Mtu anazima, anangoja kidogo, anawasha, na mara nyingi intaneti inarudi. Inarudi mpaka jioni, kisha inakatika tena. Ubaya wa dawa hii ni kwamba inafuta ushahidi. Taa iliyokuwa nyekundu inazimika, kumbukumbu za ndani ya ruta nyingi zinapotea, na wewe unabaki na ugonjwa uleule bila kuujua. Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: kabla hujazima, zitazame taa kwa dakika moja, na ikiwezekana zipige picha kwa simu.

Kati ya simu yako na video unayotaka kuitazama kuna vipande vitatu vya njia. Cha kwanza kiko hewani, kati ya simu na ruta. Cha pili kinatoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma, ama kwa faiba, ama kwa antena iliyo juu ya paa, ama kwa laini ya simu iliyochomekwa ndani ya ruta yenyewe. Cha tatu kinatoka kwa mtoa huduma hadi huko duniani ziliko tovuti. Kikikatika chochote kati ya hivyo, simu inaonyesha kitu kilekile: kiduara kinazunguka. Kazi yote ya kutafuta tatizo ni kujua ni kipande kipi kilichokatika, na hilo halihitaji fundi.

Kama una laptopu, fanya hivi. Tafuta anwani ya ruta kwenye kibandiko cha chini yake. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1, na vifaa vyake vya faiba 192.168.100.1. Kwenye Windows fungua madirisha mawili ya amri, yaani bonyeza kitufe cha Windows na kuandika cmd, kisha andika kila amri kwenye dirisha lake:

ping -t 192.168.1.1

ping -t 8.8.8.8

Anwani ya juu weka ya ruta yako. Ya chini ni ya Google, imekuwapo tangu mwaka 2009 na ni nadra sana kulala. Kila sekunde kompyuta inatuma ujumbe mfupi na kuhesabu milisekunde hadi jibu lirudi. Yaache madirisha yote mawili yaendelee huku ukifanya shughuli zako mpaka tatizo litokee, kisha yatazame. La kwanza likiwa linajibu kwa milisekunde chache huku la pili limekwama, waifai yako ni nzima. Shida iko kwenye faiba, kwenye laini au mbele zaidi. La kwanza likianza kurukaruka kutoka 3 hadi 400, au likikosa majibu kabisa, shida iko humuhumu ndani ya nyumba, na kumpigia simu mtoa huduma hakutakusaidia. Asiye na laptopu afungue ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu. Ukifunguka haraka wakati intaneti haipo, kipande cha kwanza kiko salama.

Ukishajua kipande, nenda kwenye dalili yako.

Taa zote zinapotea, kisha zinawaka upya

Ruta hii inajizima na kujiwasha. Wengi hawaioni ikifanya hivyo kwa sababu wako chumba kingine. Wanachojua ni kwamba intaneti ilikatika dakika mbili tatu ikarudi yenyewe. Kwa uhakika, ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu inayoonyesha hali ya kifaa, utafute palipoandikwa Uptime: huo ndio muda uliopita tangu iwashwe. Kama umeme haujakatika tangu juzi na ruta inasema imewaka kwa dakika 40, basi imejizima yenyewe, na hakuna haja ya kuhangaika na chaneli wala nywila. Kama inasema siku sita, haijazimika kabisa. Ruka sehemu hii.

Kwa mazingira yetu mimi huanza na adapta, na naomba wewe pia uanze nayo, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi kubadilisha na ndiyo inayochoka mapema. Ruta ikiwa imetulia hula umeme kidogo. Jioni watu wakirudi, simu nne na televisheni zikianza kuvuta video, inafanya kazi zaidi na mahitaji yake yanapanda. Adapta iliyochoka, ambayo kapasita zake zimekauka kwa joto la miaka, hubeba mzigo wa mchana na kushindwa na wa jioni. Volti zinashuka kwa nukta isiyofika sekunde, ruta inaanza upya. Ndiyo maana mtu akiipima adapta kwa mita ikiwa imechomolewa kwenye ruta anaona volti 12 safi na kusema ni nzima. Kipimo cha kweli ni kuweka adapta nyingine na kukaa nayo jioni nzima.

Ukienda kununua, soma maandishi ya adapta ya zamani. Volti lazima ziwe zilezile: ruta ya 9V ipewe 9V, ya 12V ipewe 12V. Ampea ziwe sawa au zaidi. Adapta ya 12V 2A inaweza kukaa mahali pa 12V 1A, lakini kinyume chake ni kurudi palepale. Angalia pia mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya pini. Kisha jaribu pini yenyewe. Nyingi zina upana wa nje wa 5.5 mm, ila tundu la ndani ni 2.1 mm kwa nyingine na 2.5 mm kwa nyingine, na la 2.5 likivishwa kwenye ruta ya 2.1 linaingia vizuri kabisa halafu linacheza. Ukiona ruta inazimika kila mtoto anapogusa waya, umeshapata jibu. Usiazime adapta ya king'amuzi kabla ya kusoma volti zake: ruta ya 5V ikipewa 12V haitapona.

Baada ya adapta, angalia soketi na ekstensheni. Ekstensheni iliyolegea, yenye pasi upande mmoja na jokofu upande wa pili, ni sababu tosha. Umeme wetu wa majumbani ni 230V, na kuna mitaa ambayo saa mbili usiku haufiki hapo. Taa zinafifia, feni inazunguka polepole, adapta dhaifu inashindwa. Umeme ukikatika chomoa ruta, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuichomeka, maana umeme unaporudi ndipo huja kwa kishindo.

Kama bajeti inaruhusu, nunua UPS ndogo ya ruta, ile yenye betri ndani na matundu ya 9V na 12V. Hakikisha ampea zake zinatosha. Kwa wenye faiba faida yake ni kubwa kuliko wanavyodhani. Mtandao mwingi wa faiba za majumbani hauna kifaa kinachohitaji umeme njiani. Kwenye nguzo mwanga unagawanywa na vigawanyishi vya kioo tu. Kwa hiyo mtaa mzima unaweza kuwa gizani na intaneti yako ikaendelea, mradi kifaa chako kina betri na kituo cha mtoa huduma kina umeme. Kumbuka kwamba kama kifaa cha faiba na ruta ni vitu viwili tofauti, vyote viwili vinahitaji betri.

Sababu ya mwisho ya kujizima ni joto. Ruta nyingi zimeandikwa zifanye kazi kwenye nyuzi 0 hadi 40. Pwani, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la nje tu linapita nyuzi 30, na chumba cha bati kisicho na dari kinazidi hapo kwa mbali. Sasa weka ruta ndani ya kabati la televisheni, juu ya king'amuzi kinachochemka, na juu yake kitambaa cha kufuma kilichotandazwa kwa ajili ya urembo. Kitambaa kizuri, lakini kiondoe juu ya ruta. Isimame wima au itundikwe ukutani, matundu yake yapumue. Mara mojamoja ipulize vumbi, na utazame kama kuna sisimizi au mjusi aliyehamia ndani kufuata joto. Wanyama hao huunguza ruta kweli.

Taa ya LOS ni nyekundu

Hii ni ya faiba, na ni habari njema kwa maana ya kwamba umeshajua tatizo: mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Ruta haina kosa, waifai haina kosa, na kuizima na kuiwasha hakuleti mwanga.

Fuata waya mwembamba wa faiba kutoka kwenye kifaa hadi unapotoka nje ya nyumba. Ndani ya waya huo kuna uzi wa kioo, na uzi ukikunjwa kwa kona kali mwanga unavuja pale kwenye kona. Tafuta mahali ulipobanwa na mguu wa kochi, ulipopita chini ya mlango, ulipofungwa fundo ili usitambae sakafuni, au ulipotafunwa na panya. Unyooshe polepole, uuache ujikunje kwa duara pana kama la kisahani cha kikombe, na utazame taa. Kisha sukuma kwa upole kichwa cha kijani kinachoingia kwenye kifaa. Kikiwa kimelegea utasikia kikiingia. Usikichomoe bila sababu, kwa kuwa vumbi dogo kwenye ncha linatosha kuziba njia. Na kamwe usichungulie ncha yake: mwanga unaotumika hauonekani kwa jicho, lakini upo.

Kuna hali ya katikati inayowatesa watu kwa miezi: taa haiwi nyekundu moja kwa moja, bali faiba inakatika na kurudi, hasa mvua ikinyesha au upepo ukivuma. Ingia kwenye ukurasa wa kifaa, utafute nguvu ya mwanga unaopokelewa, inayoandikwa kwa dBm. Namba ni hasi. Ikiwa −18 au −22 uko salama. Ikiwa −27 au chini zaidi uko ukingoni, na kila kutikisika kwa waya nguzoni kunakudondosha. Piga picha ya ukurasa huo wakati wa mvua na wakati wa jua. Mhudumu wa simu anaweza kubishana na maneno yako, ila namba hiyo fundi wake anaielewa.

Taa ya PON ikipepesa bila kutulia, kifaa kinaona mwanga lakini hakijakubaliwa upande wa pili. Hilo ni la mtoa huduma. PON ikiwa imetulia, LOS imezimika, na bado hakuna intaneti, angalia malipo ya mwezi kwanza.

Ruta ya laini: mchana inakwenda, jioni inatambaa

Ruta ya 4G au 5G ina maisha yake. Toa laini, iweke kwenye simu, kaa palepale ilipokuwa ruta, jaribu. Simu ikikosa intaneti, kifurushi kimekwisha, kimefika kikomo cha kasi, au mnara una shida. Simu ikipata, shida ni ruta au mipangilio yake ya APN (jina la lango la intaneti la mtandao wa simu), ambayo huweza kubadilika mtu anapohamisha laini kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine.

Usiamini vistari vya mawimbi. Kwenye ukurasa wa ruta kuna namba mbili zinazosema kweli zaidi. RSRP ni nguvu ya mawimbi kutoka mnarani: −80 ni nzuri, −100 inavumilika, −110 na chini yake ni mateso. SINR ni usafi wa mawimbi hayo: 20 ni safi sana, 10 inatosha, na ikikaribia 0 kuna makelele mengi hata kama vistari vimejaa. Beba ruta, tembea nayo dirisha hadi dirisha, ngoja namba zitulie kila mahali. Upande wa nyumba unaotazama mnara hushinda, na ghorofa ya juu hushinda ya chini. Mita mbili tu zinaweza kubadilisha kila kitu, hasa ukiepuka dirisha lenye nondo nzito au vioo vyenye rangi ya kuzuia jua.

Namba zikiwa nzuri na kasi bado mbovu jioni, pima saa kumi na moja alfajiri. Ikipaa alfajiri na kulala saa tatu usiku, mnara umejaa watu. Hakuna antena itakayotibu hilo. Kinachobaki ni kujaribu mtandao mwingine kwa laini ya kuazima, jioni hiyohiyo, kabla hujanunua chochote.

Sebuleni inapaa, chumbani haifiki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, watu wakinunua kasi kubwa zaidi kutoka kwa mtoa huduma wakati kinachowazuia ni ukuta.

Ruta za sasa hurusha masafa mawili. 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi na hufika mbali, lakini ni ya polepole na imejaa vyombo. 5 GHz ni ya kasi, ila ukuta mmoja wa matofali ya saruji unaipunguza na wa pili unaimaliza. Simu ya Android ikiwa na programu ya kuonyesha waifai zilizopo hewani itakupa nguvu kwa dBm: −50 ni bora, −67 inatosha kwa simu ya video, −75 unaanza kulalamika, −85 simu inasema imeunganishwa huku hakuna kinachopita. Tembea nayo nyumba nzima uandike namba za kila chumba. Utashangaa zinavyoporomoka mahali fulani, na ukitazama utakuta jokofu, kioo kikubwa cha kabati, tangi la maji, au nguzo iliyojaa nondo. Chuma huzuia mawimbi, maji huyanyonya.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na Mombasa zina shida yake. Kuta za matumbawe na chokaa huweza kufika nusu mita, vyumba ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na hivyo kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma mawimbi yanavuka kuta nene kadhaa. Kwenye nyumba kama hii usihesabu kupenya. Hesabu milango. Weka ruta kwenye ukumbi, kwenye uwazi wa ngazi au uani panapofunikwa, ili mawimbi yaingie vyumbani kwa mlangoni. Nimeona ruta ileile ikihama kutoka kona ya sebule hadi kwenye ngazi na kuhudumia ghorofa mbili. Nazipenda nyumba hizi, na naumia nikiona mtu anatoboa ukuta wa miaka mingi kupitisha waya ambao ungepita juu ya mlango.

Kwa nyumba yoyote: ruta iwe katikati, juu kuliko vichwa vya watu, mbali na sakafu. Antena zisimame wima, kwa sababu mawimbi hutoka ubavuni mwake na ncha yake hutoa kidogo sana. Mwenye ghorofa alaze antena moja.

Baada ya hapo ndipo ufikirie kifaa cha kuongeza waifai. Kosa la kawaida ni kukichomeka kwenye chumba kile kisichopata. Kifaa kisichosikia chochote hakina cha kurudia. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inasoma −60 hivi. Ujue pia kwamba vile vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hukatwa karibu nusu. Kilicho bora kuliko vyote ni kebo ya mtandao ya Cat5e kutoka ruta hadi kwenye ruta ya pili. Inavumilia hadi mita 100 na haijali ukuta.

Lakini ukiweka ruta ya pili, soma aya hii mara mbili. Ruta zote hugawa anwani kwa vyombo vilivyounganishwa. Zikigawa mbili kwenye mtandao mmoja, simu nyingine zinapata intaneti na nyingine hazipati, leo yako, kesho ya mgeni, bila mpangilio wowote. Ugonjwa huu unachanganya hata mafundi. Ipe ruta ya pili anwani yake, tuseme 192.168.1.2, zima DHCP yake, yaani huo ugawaji wa anwani, kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN (la vyombo vya nyumbani) na si la WAN (la kuingizia intaneti).

Ruta iko karibu, mawimbi yamejaa, bado inakwama

Kwenye maghorofa ya Kariakoo au mtaa wowote uliobanana, fungua orodha ya waifai kwenye simu uhesabu majina. Yale yote yanagombea hewa moja. Masafa ya 2.4 GHz yamegawanywa kwa chaneli 1 hadi 13, ila chaneli jirani zinapandana, na tatu tu hazigusani: 1, 6 na 11. Chagua yenye majirani wachache kati ya hizo tatu. Wapo wanaodhani wamepata ujanja kwa kukimbilia 3 au 4. Wanajidhuru wao na majirani, kwa sababu ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu, wakati zile zinazopandana nusu husikia kelele tu. Upana wa chaneli uwe 20 MHz, usiwe 40. Kisha hamishia simu na televisheni zilizo karibu kwenye 5 GHz.

Ikiwa 5 GHz ndiyo inayopotea kabisa kwenye orodha kwa dakika moja au zaidi halafu inarudi, angalia chaneli yake. Kuanzia 52 hadi 144 ruta inatakiwa kuzipisha rada. Ikihisi rada inahama, na kabla ya kurusha tena kwenye chaneli ya namna hiyo lazima isikilize kwa sekunde 60 au zaidi. Weka 36, 40, 44 au 48.

Maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, kwa hiyo kukatika kwa wakati wa kupasha chakula si uchawi.

Sababu inayosahaulika ni upande wa kupakia. Vifurushi vingi vina kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua. Simu moja ikianza kuhifadhi picha na video zake mtandaoni, inajaza njia hiyo yote, na kila mtu nyumbani anaona intaneti imekufa ingawa kipimo cha kasi ya kupakua hakijasema hivyo. Lile dirisha la 8.8.8.8 litaonyesha milisekunde zikipanda hadi mamia huku la ruta likiwa limetulia. Simamisha uhifadhi huo, tazama kama inashuka. Ikishuka, panga simu zihifadhi picha usiku wa manane, au tumia mpangilio wa QoS, unaogawa kasi kwa kipaumbele, kama ruta yako inao, ukiweka kikomo chini kidogo ya kasi unayolipia.

Na kasi unayolipia ihesabu vizuri. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Faili la megabaiti 300 litachukua dakika mbili hata siku njema.

Ukikuta laptopu iliyounganishwa kwa waya haivuki megabiti 100 wakati unalipia 200, chunguza kebo. Kasi ya gigabiti moja inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani yake. Jozi moja ikikatika, au vichwa vikishika kutu ya hewa ya bahari, vifaa vinashuka hadi 100 kimyakimya.

Simu moja tu inakataa

Wengine wote wanapata, kwa hiyo usiiguse ruta. Isahaulishe simu mtandao huo, uunganishe upya. Angalia tarehe na saa yake. Ikiwa mbovu, tovuti nyingi salama zitakataa kufunguka. Zima VPN. Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, haijapewa anwani na ruta. Printa, taa za kisasa na simu za zamani nyingi hazijui 5 GHz, na baadhi hazielewi usalama wa WPA3, zirudishie 2.4 GHz yenye WPA2.

Mawimbi yapo, ruta nzima, kurasa hazifunguki

Kama 8.8.8.8 inajibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, kilichoanguka ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Kwenye ruta au kwenye simu weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1, ujaribu tena.

Kama baadhi ya huduma za nje zimelala na nyingine ziko hai, uliza majirani wenye mtandao tofauti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda zikapata intaneti ya kuchechemea. Siku kama hiyo hakuna unachoweza kutengeneza nyumbani, na kuiriseti ruta ni kujiongezea tatizo la pili.

Ikiwa kila kitu ni kizito bila sababu, tazama orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Nywila ya waifai husafiri haraka, siku hizi kwa kupigwa picha tu. Badilisha nywila, zima WPS (njia ya kujiunga bila kuandika nywila), na wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni.

Kitufe cha RESET na simu kwa mtoa huduma

Kile kitufe kidogo kinachobonyezwa kwa pini kwa sekunde kumi hivi kinafuta kila kitu: jina la waifai, nywila, na pia jina na nywila ya PPPoE, yaani ya kuingilia kwa mtoa huduma, ambayo fundi aliingiza siku ya kufunga. Wazee wengi wamebaki bila intaneti siku kadhaa kwa sababu kijana wa nyumbani alikibonyeza kwa nia njema. Kabla ya kukigusa, piga picha ukurasa wa mipangilio ya WAN, na mpigie mtoa huduma akupe PPPoE yako kwa maandishi. Kabla ya hapo jaribu kusasisha programu ya ndani ya ruta kupitia ukurasa wake. Ugonjwa wa kuganda kila baada ya siku chache mara nyingine huishia hapo.

Ukimpigia mtoa huduma usimwambie kwamba waifai haishiki. Mwambie saa ilipokatika, taa ipi ilikuwa na rangi gani, Uptime inasema nini, dBm ni ngapi, na kwamba umepima kwa waya ukiwa umekaa kando ya ruta. Akikuambia uizime na kuiwasha, mwambie umeshapiga picha za taa, kisha izime. Omba namba ya malalamiko, iandike kwenye kibandiko cha ruta pamoja na tarehe, ili fundi atakayekuja aikute hata kama wewe uko kazini.